Gari la zimamoto lina mpaka? Nairobi na majirani zake waunde kikosi kimoja, au kila kaunti ibaki na chake?

#1 Fundi wa Mpakani (mwanzilishi wa uzi)
Salaam wanajukwaa. Nina karakana ya kuchomelea vyuma katika mtaa ambao barabara yenyewe ndiyo mpaka: kushoto ni kaunti moja, kulia ni nyingine. Sitazitaja, kwa sababu sikuja hapa kushitaki mtu. Mwaka juzi, yapata saa nne za usiku, duka la magodoro linalotazamana na karakana yangu lilishika moto. Godoro la sponji haliwaki tu, huyeyuka likadondosha matone yanayowaka, na moshi wake mweusi hushuka hadi usawa wa magoti, hivyo tulikuwa tukimwaga maji kwa ndoo huku tumeinama kama watu wanaopalilia. Tulipiga simu ya kaunti ya upande wa duka, haikupokelewa. Tukapiga ya upande wetu, ambako kituo kiko karibu kiasi kwamba huwa tunasikia king'ora kikijaribiwa asubuhi, na aliyepokea akauliza kwa upole kabisa: "Hilo duka liko kushoto au kulia kwa mtu anayekwenda mjini?" Tulipomjibu, akatupa namba ileile ambayo haikupokelewa.

Swali langu ni hili. Mtu akipanda matatu mjini Nairobi kwenda Ruiru, au Mlolongo, au Ongata Rongai, haoni mahali popote ambapo mji umekwisha na mwingine umeanza. Githurai yote ni Nairobi, lakini ukisogea kidogo tu uko Kiambu, na nyumba ni zilezile. Kwa nini basi Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado zisikae mezani, zikapatana kuwa na kikosi kimoja cha zimamoto? Nani anakataa, na anakataa kwa sababu gani?

#2 Mtaa wa Pili
Pole sana kwa yaliyokukuta. Nianze na rekebisho dogo: si Githurai yote iliyo Nairobi. Githurai Arobaini na Nne iko Nairobi, Githurai Arobaini na Tano iko Kiambu, na wenyeji tunajua hivyo kwa sababu askari wa kaunti wanaotudai ushuru hawavai sare moja. Kwa kweli umejiongezea nguvu katika hoja yako bila kujua, maana jina moja la mtaa limekatwa vipande viwili na magavana wawili.

#3 Karani wa Zamani
Nijuavyo mimi, jambo hilo haliwezekani kisheria. Katiba ya 2010 imeipa kila kaunti kazi ya kuzima moto, na kazi iliyogawanywa na katiba huwezi kuichanganya tena kwa barua ya magavana wawili walioelewana wakinywa chai.

#4 Binti Katiba
Ndugu Karani, nusu ya maneno yako ni kweli. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, katika fungu la 12, linaiweka huduma ya kuzima moto pamoja na kukabiliana na majanga mikononi mwa kaunti. Lakini usiishie hapo. Ibara ya 189(2) inaziagiza serikali za kaunti zishirikiane katika kutekeleza kazi zao, na inataja waziwazi kwamba kwa ajili hiyo zinaweza kuunda kamati za pamoja na mamlaka za pamoja. Sheria ya Mahusiano baina ya Serikali ya 2012 ikaja kuweka utaratibu. Kwa hiyo mlango upo na haukufungwa. Ambacho hakipo ni mtu wa kuusukuma.

Wala si jambo geni. Mamlaka ya usafiri ya eneo la jiji la Nairobi, ile tuliyozoea kuiita NaMATA, iliundwa 2017 kwa misingi hiyohiyo ya kuziunganisha kaunti nne.

#5 Mtaa wa Pili
Tano, dada. Umeisahau Murang'a, na watu wa huko wakikusoma hapa watakufungia maji ya bwawa la Ndakaini.

#6 Binti Katiba
Nimekubali. Ni Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Naomba mfereji uachwe wazi.

#7 Mkaguzi wa Hesabu
Sheria tuiweke kando kwa muda, kwa sababu mapatano ya namna hii hufia kwenye karatasi ya hesabu. Swali la kwanza ambalo kila mwakilishi wadi atauliza bungeni kwake ni: tunalipa kiasi gani, na mwenzetu analipa kiasi gani? Jaribuni kujibu kwa takwimu za sensa ya 2019. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073, Kiambu 2,417,735, Machakos 1,421,932, na Kajiado 1,117,840. Mkigawana gharama kwa idadi ya watu, Nairobi itabeba takribani asilimia 47 na Kajiado asilimia 12. Sasa badilisheni kipimo muweke ukubwa wa eneo, kwa hoja kwamba gari hutumia mafuta kwa kilomita wala haliangalii vichwa vya watu. Kajiado ina zaidi ya kilomita za mraba 21,000 wakati Nairobi ina takribani 700, kwa hiyo Kajiado itatakiwa kulipa karibu asilimia 70, na Nairobi itatoa asilimia 2 tu. Nani atatia sahihi hapo?

Kuna kipimo cha tatu, cha thamani ya mali inayolindwa, ambacho kitaziangukia Nairobi yenye maghorofa na Machakos yenye viwanda vya Athi River. Cha nne ni idadi ya miito ya mwaka, nacho kina ubaya wake, kwa sababu kaunti inayolipishwa kwa kila mwito itaanza kutamani simu isipokelewe. Na bado hatujagusa pesa zinazoingia. Mfanyabiashara hulipia ukaguzi na cheti cha zimamoto anapokata leseni, na fedha hizo ni pato la kaunti. Kikosi kikiwa cha pamoja, cheti cha duka la Kitengela kitatolewa na nani, na ada itaingia akaunti ipi? Mimi naamini hapa ndipo penye kiini chote. Mengine ni mapambo.

#8 Msafiri wa San Mateo
Habari za saa hizi. Nimeishi California miaka kadhaa, katika rasi iliyo kusini mwa San Francisco, ambako miji midogo imebanana kama vibanda vya soko, na haya mnayoyazungumza nimeyaona yakitendeka. Miji ya San Mateo, Foster City na Belmont iliunganisha zimamoto zao, na idara ya pamoja ikaanza kazi Januari 2019 chini ya mamlaka yenye bodi ambayo kila mji una mjumbe wake. Hawakurukia ndoa, kwa miaka kadhaa kabla yake walikuwa wameanza kwa kushirikiana viongozi wa juu, ili waone kama wanaweza kuishi pamoja.

Lakini ndugu Mkaguzi atafurahi kusikia upande wa pili. Belmont huyohuyo aliwahi kuwa na idara ya pamoja na jirani yake mwingine, San Carlos, kwa takribani miaka 30. Ikavunjika 2011, na jambo lililowagombanisha lilikuwa lilelile la nani alipe sehemu gani. San Carlos akaenda kwa Redwood City, Belmont akabaki peke yake, na baadaye ndipo akaingia katika hii ya watatu. Vituo vilibaki palepale kwenye vilima vilevile. Kilichokuwa kikihama ni maandishi ubavuni mwa magari.

#9 Mzee wa King'ora
Nimewasoma kwa makini vijana wangu. Nilifanya kazi ya zimamoto tangu enzi za mabaraza ya miji, kabla ya kaunti, na nimestaafu, kwa hiyo nitasema bila kumwogopa mtu. Mnajadili sheria na fedha, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mpira wa gari hili unaingia kwenye gari lile.

Mipira tuliyofundishiwa ilikuwa ya mfumo wa Kiingereza, yenye kiungio cha kike na cha kiume: unasukuma, unasikia mlio mmoja, basi, maji yanapita. Upana wake ni milimita 64. Halafu zikaanza kuja gari za msaada na za mitumba kutoka bara la Ulaya, zenye viungio vya Storz vya Wajerumani. Storz haina kike wala kiume, pande zote mbili zinafanana, unazikutanisha na kuzungusha. Kila mfumo kwa upande wake ni mzuri, lakini ukiwa umeshika ncha moja ya huu na ncha moja ya ule usiku wa manane, hata uzungushe namna gani utabaki umezishika tu. Panahitajika kipande cha kati cha kuunganishia, na kipande hicho mara nyingi kimefungiwa stoo na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda kwao Ijumaa.

Watu wazima waliokufa kwa kosa hili ni wengi. Jiji la Baltimore huko Marekani liliungua 1906, magari yakaja kutoka Washington, Philadelphia na hata New York, na mipira yao ikakataa kuingia kwenye mabomba ya Baltimore.

#10 Msafiri wa San Mateo
Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, Baltimore ni Februari 1904. 1906 ni tetemeko na moto wa San Francisco. Lakini habari ya mipira ni kweli tupu, na majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea. Niongeze la karibu zaidi na ninakoishi: Oktoba 1991 vilima vya Oakland viliwaka na watu 25 wakafa. Magari yaliyotoka miji mingine kusaidia yalikuta mabomba ya Oakland yana mdomo wa inchi tatu, wakati ya kwao ni ya inchi mbili na nusu. Baltimore ilikuwa imewafundisha tangu miaka 87 iliyotangulia.

#11 Mzee wa King'ora
Marahaba. Mwaka nimekosea, na tuseme pia kwamba vifo vingi havikuwa vya Baltimore, maana huko ilikuwa hasara ya majengo zaidi. Ila wewe umenipa Oakland, kwa hiyo nimetoka na faida.

#12 Wa Chalinze
Majirani, salaam kutoka Tanzania. Nawasoma nacheka kidogo, mnisamehe. Sisi tulikuwa na tatizo hilohilo, zimamoto zikiwa chini ya halmashauri, kila moja na uwezo wake. Ikaja Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007, vikosi vikaondolewa kwenye halmashauri vikawa jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Leo namba ni moja, 114, na gari likitoka Dar es Salaam kwenda Kibaha hakuna anayeuliza liko mkoa gani. Hamhitaji kamati wala asilimia za sensa. Unganisheni nchi nzima mmalize.

#13 Karani wa Zamani
Ndugu wa Chalinze, nchi nzima ni pamoja na Zanzibar?

#14 Wa Chalinze
Zanzibar wana Kikosi chao cha Zimamoto na Uokozi, chini ya Serikali ya Mapinduzi. Hilo nalikubali, lakini pale katikati pana bahari, hapana barabara ya lami yenye duka la magodoro kila upande.

#15 Mkaguzi wa Hesabu
Tena nikuulize jambo lingine. Soko la Kariakoo liliungua tarehe 10 Julai 2021, katikati ya jiji, chini ya jeshi hilohilo moja. Umoja wa jeshi hauleti maji. Isitoshe, halmashauri ikishanyang'anywa kikosi hupoteza hamu ya kufikiria moto wakati wa kupitisha ramani za majengo na kupima upana wa vichochoro, kwa sababu si mzigo wake tena. Kwetu angalau gavana anayeruhusu ghorofa kujengwa ndiye atakayeulizwa likiungua.

#16 Wa Chalinze
Na huwa anaulizwa?

#17 Mkaguzi wa Hesabu
Nimesema "atakayeulizwa". Sikusema "atakayejibu".

#18 Mwanabahari
Mbona mmeufanya uzi huu kuwa wa Nairobi peke yake, kana kwamba sisi wa Pwani hatuungui? Huku mipaka ni ya maji, na hilo linageuza hesabu zote. Likoni ni Mombasa, lakini gari la zimamoto likitoka kisiwani lazima liombe njia kwenye feri au lizunguke mbali kwa Dongo Kundu, ilhali kutoka Likoni kwenda Kwale ni barabara kavu tu. Upande wa kaskazini, Shanzu ni Mombasa na Mtwapa ni Kilifi, na kati yao pana mkono wa bahari na daraja moja. Kwa jiografia, jirani wa kaunti nyingine anaweza kukufikia kabla ya ndugu yako wa kaunti moja.

Niliwahi kuwa mhudumu katika hoteli moja ya ufukweni yenye paa la makuti, ambayo sitaitaja. Makuti yakishika moto wakati wa kusi, hayaungui mahali yalipo: upepo huchomoa vipande vinavyowaka na kuvirusha juu ya paa la jirani, na mtu aliyesimama chini anadhani ni popo wekundu. Siku hiyo tuliondoa wageni, tukakata paa la jengo la pili kwa mapanga ili moto ukose pa kupita. Gari lilipofika tulikuwa tumekaa mchangani tunakunywa maji ya madafu, na mikono yetu haikuwa na uwezo wa kushika hata kifuu. Gari hilo lilitoka kaunti gani, sikuuliza, na nina hakika hata wageni hawakuuliza.

Tuna Jumuiya ya Kaunti za Pwani, yenye kaunti sita. Huko ndiko mapatano ya zimamoto yangeanzia, kwa kuwa hoteli ndiyo mboga ya kila mmoja wetu.

#19 Kijana wa Salford
Nimependa hiyo ya popo. Mimi niko Uingereza, Salford, ambayo kwa mgeni ni sehemu tu ya Manchester lakini mwambie mwenyeji hivyo uone uso wake. Tuna wilaya kumi hapa, zikiwemo Bolton, Oldham, Wigan na Stockport, kila moja na baraza lake na timu yake ya mpira, na bado zimamoto ni moja. Serikali kuu ilipolifuta baraza la eneo zima mwaka 1986, kikosi kiliundwa kikawa chini ya mamlaka ya pamoja ya wilaya hizo kumi.

#20 Msafiri wa San Mateo
Kikosi chenyewe si cha 1974?

#21 Kijana wa Salford
Ni kweli, nimechanganya. Kikosi ni cha 1974. Kilichokuja 1986 ni mamlaka ya pamoja, na tangu 2017 kiko chini ya meya wa eneo zima.

Lakini sikutaka kuwauzia Manchester kama dawa. Usiku wa tarehe 22 Mei 2017 bomu lilipolipuka kwenye ukumbi wa Arena na watu 22 wakauawa, wazimamoto walifika baada ya zaidi ya saa mbili, ingawa kituo chao kimoja kiko karibu nusu maili kutoka hapo. Walielekezwa kwanza wakusanyike kituo kingine, maili tatu mbali, kwa sababu afisa wao alishindwa kuwasiliana na mwenzake wa polisi na akahofia kuwa bado kuna mshambuliaji. Wazimamoto wenyewe walisononeka sana, maana mlipuko waliusikia. Kwa hiyo mnaweza kuwa na kikosi kimoja, bajeti moja na mipira ya aina moja, na bado simu mbili zisipokutana mko palepale pa ndugu Fundi, "kushoto au kulia".

#22 Mama Mitumba
Mimi nauza nguo Gikomba na nimeona moto mara nyingi kuliko wengi wenu humu, kwa hiyo mniruhusu niwe mkali. Mnazungumza kana kwamba gari likifika kazi imekwisha. Gari hufika. Halafu halipiti, kwa kuwa njia imejengwa vibanda, na vibanda hivyo ni vyetu, nami nina kimoja. Likipita, maji yake huisha kwa dakika chache, kisha wanaanza kutafuta boza. Kwenye kila soko bomba la zimamoto lipo kwenye ramani, lakini juu yake pamewekwa meza ya mtu. Muunganishe kaunti nne au arobaini na saba, kama hamna pa kuchotea maji mtakuwa mmeunganisha ukame.

Na msidhani viongozi wanashindwa kupatana kwa sababu ya asilimia za Mkaguzi. Gari jekundu jipya lenye utepe wa kukatwa ni picha ya kampeni. Gavana gani atakubali gari alilolinunua liandikwe jina la mamlaka ya pamoja? Mafahali wawili hawakai zizi moja, sembuse wanne.

#23 Mzee wa King'ora
Mama, hapo kwenye maji umenigusa panapouma. Tangi la gari la kawaida hubeba lita elfu chache, na mpira mmoja mkubwa unaweza kumeza mamia ya lita kwa dakika. Piga hesabu utaona kwamba gari la kwanza huja kununua muda tu. Kama pana mto au kisima, pampu hufyonza, lakini sheria za maumbile zinasema haiwezi kuvuta maji kutoka kina kinachozidi mita kumi, na kwa pampu zetu zilizochoka shukuruni zikivuta saba.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba kuungana hakuna maana. Ubora wa kuungana uko kwenye gari la pili na la tatu. Moto wa duka moja kila kaunti inaumudu. Moto wa kiwanda cha rangi unataka magari, maboza na watu wa kupokezana, kwa kuwa mtu aliyevaa mtungi wa hewa mgongoni huishiwa hewa ndani ya nusu saa au pungufu akifanya kazi ngumu. Huo ndio wakati ambapo jirani huhitajika, na kwa sasa jirani huombwa kwa mkubwa kumpigia mkubwa mwenzake simu ya mkononi. Wakubwa hao wakiwa wamekosana kwenye mkutano wa juma lililopita, moto haujui.

#24 Msafiri wa San Mateo
Ndiyo maana naona tumelichukua jambo kubwa mno. Kuna njia ya katikati ambayo Phoenix na miji inayoizunguka huko Arizona wameitumia tangu miaka ya 1970. Kila mji umebaki na idara yake, mishahara yake na magari yake, lakini chumba cha kupokea simu kinatuma gari lililo karibu zaidi bila kuangalia mpaka na bila kuomba ruhusa ya mtu. Ruhusa ilikwisha kutolewa siku ya kutia sahihi. Wamekubaliana pia juu ya vifaa, mafunzo na namna ya kuongoza eneo la moto. Kwa kipimo kinachotumiwa Marekani, gari la kwanza linatakiwa kuwa safarini si zaidi ya sekunde 240, na kipimo hicho hakina kifungu cha kuuliza kushoto au kulia.

#25 Mkaguzi wa Hesabu
Njia hiyo nimeisikia, na swali langu ni moja: itakuwaje kama anayetoa msaada ni mmoja kila siku na anayepokea ni mmoja kila siku? Jirani akishajua kwamba gari la mwenzake litakuja bure, mwaka ujao ataondoa fungu la zimamoto kwenye bajeti akajenge lango la kuingilia mjini. Huko Phoenix kila mmoja alikuja mezani na kitu. Sisi tunataka kuchanga chakula wakati mmoja kaja na sufuria, mwingine kaja na njaa.

#26 Binti Katiba
Hilo hutibika kwa kuandika kiwango cha chini ambacho kila mshirika lazima akidumishe, na asiyekifikia analipa. Kinachonisumbua zaidi mimi ni watu. Mzimamoto ameajiriwa na bodi ya utumishi ya kaunti yake. Akivuka mpaka kwa amri ya afisa wa kaunti nyingine na akaangukiwa na ukuta, nani anamlipa fidia? Gari likigonga matatu upande wa pili, bima ya nani inajibu? Haya si maswali ya kuzuia mapatano, ni vifungu vya kuandikwa, lakini nimesoma hati za maelewano za kaunti zenye kurasa mbili za pongezi na mstari mmoja wa wajibu, na mstari wenyewe unasema pande zote "zitajitahidi".

#27 Karani wa Zamani
Nilishiriki kuandika hati mojawapo ya aina hiyo, katika jambo lingine kabisa. Neno "zitajitahidi" tuliliweka saa kumi na moja jioni, baada ya mabishano ya siku nzima, kwa sababu ndilo pekee ambalo hakuna aliyelipinga. Sasa ninaelewa kwa nini hakuna aliyelipinga.

#28 Mwanabahari
Mzee wa King'ora, swali dogo: ninyi wenyewe mlikuwa mkitaka kuunganishwa? Nimesikia kwamba wanaopinga zaidi ni wazimamoto.

#29 Mzee wa King'ora
Umesikia sawa, na sababu si ukaidi. Vikosi viwili vikiungana, cheo kimoja cha mkuu hufa. Mishahara haifanani, na wa chini hufurahi wakati wa juu hununa. Kisha kuna jambo la imani. Ukiingia kwenye chumba cha moshi umeshika mgongo wa mtu, unataka uwe umeshawahi kula naye. Sisi tulikuwa tukifanya mazoezi na wenzetu wa mji jirani kila baada ya miezi kadhaa, bila hati wala gavana, kwa sababu wakuu wawili wa vituo walisoma darasa moja. Mmoja alipostaafu, mazoezi yakafa. Nilimuuliza mrithi wake kwa nini, akaniambia hakuna fungu la chai.

#30 Fundi wa Mpakani
Asanteni nyote, sikutarajia uzi ungefika huku. Kaunti jirani imetangaza kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu bajeti, nami nimeamua kwenda. Sitaomba kikosi kimoja, maana nikisikiliza hesabu za Mkaguzi nitazeeka kabla hakijaundwa. Nitaomba mambo mawili ya mtaani kwetu: simu inayopokelewa kwanza itume gari bila kuuliza upande wa barabara, na kila gari la pande zote mbili libebe kile kipande cha kuunganishia alichokitaja Mzee. Mimi ni fundi wa vyuma. Wakinipa vipimo naweza kukichonga mwenyewe. Kuna yeyote wa eneo la Githurai anayejua bomba la zimamoto la karibu lina mdomo wa aina gani?

#31 Mtaa wa Pili
Liko moja nyuma ya steji, limefunikwa na kibanda cha chapati. Kesho nitapita na futi nilipime.

#32 Mama Mitumba
Ukienda, mwambie mwenye kibanda umetumwa na Mama Mitumba. Ni mdogo wangu, na hawezi kusogeza jiko kabla hujanunua chapati mbili.

#33 Mzee wa King'ora
Asipime upana peke yake. Aangalie pia kama kuna kike na kiume, na kama parafujo za kifuniko bado zinafunguka.